Gango Likifunguliwa

Kaa kitako kwenye khitma ndefu, mguu mmoja umeukalia, mwingine umeukunja mbele. Kwa nusu saa hivi hutahisi kitu. Mguu umenyamaza na wewe umeusahau. Dua ikishaitikiwa watu wanainuka kupeana mikono, na wewe umeshikilia nguzo, huwezi kupiga hatua. Mguu umekufa ganzi. Lakini ulipokuwa unakufa haukukuuma. Unauma sasa, unaporudi: sindano zinachoma kuanzia unyayoni, joto linapanda, na kwa dakika moja au mbili unatamani ungeendelea kulala.

Sehemu kubwa ya adha hiyo inatokana na mishipa ya fahamu iliyobanwa na uzito wako mwenyewe, wala haiachi madhara. Nimeanza nayo kwa sababu kila msomaji anaijua, na ndani yake mna jambo ambalo udaktari ulichelewa sana kulikubali. Kwamba nyama ikikosa damu hufa, hilo linajulikana tangu zamani. Kwamba damu yenyewe, ile ile iliyokuwa ikingojewa, huweza kuja kumaliza kilichosalia, hilo lilianza kueleweka katika karne ya 20, na watafiti wanaendelea kuhangaika nalo mpaka leo.

Gando iko kaskazini-magharibi mwa Pemba, katika Wilaya ya Wete, na kama vilivyo vijiji vyote vya pwani, siku yake hupangwa kwa maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa katika visiwa hivi hukaribia mita 4. Maji yakitoka hutoka kimya kimya, mpaka ushangae kuona mtumbwi umelala ubavu kwenye tope. Yakirudi huja na vurugu: yanalitibua tope, yanazoa majani ya mikoko na kila kilichooza juani, na kwa muda yanakuwa machafu kuliko yalivyokuwa yakiondoka. Tope hilo tutalirudia.

Nyuma ya ufukwe iko mikarafuu. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi za Zanzibar. Kwa anayeukwea, mkarafuu si mti wa kuaminika. Karafuu zinakaa nchani mwa vitawi, vitawi vyenyewe vyembamba, na mti wake unakatika ghafla, haupindi kwanza ukampa mtu nafasi ya kujishika. Mchumaji hufunga kamba, huvuta tawi kwake, hujinyoosha. Kila msimu wako wanaoanguka. Wapo wanaovunjika uti wa mgongo, na hao wanastahili sura yao peke yao. Hapa namchukua aliyevunjika mguu, chini ya goti. Kijana huyu simpi jina kwa sababu si mtu mmoja.

Ameanguka alasiri. Wenziwe wamembeba kwa majamvi waliyokuja nayo kuanikia karafuu. Kabla ya gari na kabla ya hospitali ya Wete, anaitwa mzee anayeunga mifupa.

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi ya mzee huyu. Kuganga, kwa maana yake ya zamani, ni kuvifunga pamoja vilivyoachana: ubao uliopasuka, mpini uliovunjika, mfupa. Gango ni kile kipande kinachoshikilia. Kutoka hapo hapo tukampata mganga. Na mzee huyu ni mganga kwa maana ya asili kabisa. Anapitisha vidole juu ya ngozi, macho ameyafumba nusu, anautafuta mfupa ulipokatika kama mtu anavyotafuta mshono wa nguo gizani. Anaupata. Anavuta, anazungusha kidogo, anasikiliza. Kisha anapaka mafuta, anapanga vipande vinne vya upongoo wa kuti alivyovichonga mwenyewe, na anafunga kwa vitambaa vya kanga iliyochakaa, raundi juu ya raundi, mpaka mguu unakuwa kama mhimili. Ufundi huo siudharau. Mifupa mingi ya pwani hii imeungwa na mikono ya namna hiyo, na watu wakatembea.

Kasoro iko kwenye saa. Mfupa ukivunjika, nyama iliyouzunguka huendelea kuvimba kwa siku mbili au tatu. Mzee amefunga mguu wa siku ya kwanza, lakini atakayelala ndani ya gango ni mguu wa siku ya pili, nao ni mnene zaidi.

Usiku kijana anaanza kugugumia.

"Bibi, mguu unanichoma. Kama umetiwa makaa."

"Vumilia mjukuu wangu. Mfupa unaunga huo."

Bibi amesema kwa mapenzi, na ndilo neno ambalo angesema bibi yeyote. Ila mfupa hauungi kwa maumivu ya namna hii. Maumivu ya mvunjiko hupungua mguu ukitulizwa. Haya yanazidi kila saa, na kidole gumba kikivutwa kidogo tu juu, kijana anapiga ukelele. Hiyo ndiyo ishara ya mwanzo na ya kuaminika kuliko nyingine zote, na imekuja wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Karibu na alfajiri maumivu yanatulia. Mguu umekuwa mzito, hauumi, haumjui aliyeugusa. Nyumba inashukuru. Kumbe mshipa wa fahamu umekwisha kukata tamaa.

Muundi wa mtu umegawika ndani katika vyumba vinne. Kila chumba kina misuli yake, mishipa yake ya damu na ya fahamu, na kuta zake ni mfupa pamoja na utando mgumu mweupe usiovutika, ule unaouona ukimchuna mbuzi. Kwa kawaida shinikizo ndani ya vyumba hivyo halifiki milimita 10 za zebaki. Uvimbe ukiingia na kuta zisipanuke, shinikizo linapanda. Likisogelea kile kipimo cha chini cha presha ya damu, pengo likabaki pungufu ya milimita 30, damu haiwezi tena kusukumwa kwenye mishipa myembamba inayolisha nyama. Ateri kubwa inaendelea kupita. Kwa hiyo mtu anaweza kushika juu ya wayo, akakuta mshipa unapiga vizuri, akasema mguu mzima, na huku misuli inakufa chini ya vidole vyake. Mwaka 1881 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza mikono ya watu iliyokunjika kama kucha za ndege, haifunguki tena maisha yote, akasema chanzo ni bandeji zilizokazwa mno na damu iliyozuiwa. Jina lake limebaki kwenye ulemavu huo.

Nini kinatokea ndani ya seli moja wakati huo? Seli ya msuli huishi kwa nishati inayotengenezwa kwa oksijeni. Oksijeni ikikatika, akiba inakwisha upesi, na seli inaanza kuchoma sukari bila hewa, kazi inayoacha asidi. Pampu zilizo kwenye ukuta wake, zile zinazotoa sodiamu nje na kuweka potasiamu ndani, zinasimama. Potasiamu inavuja. Sodiamu inaingia na maji yanaifuata. Kalsiamu, ambayo seli huiogopa na huifungia nje, inapenya. Na kuna kitu kingine kilichogunduliwa karibuni tu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014: ndani ya mitokondria, yale majiko madogo ya seli, hurundikana kemikali inayoitwa suksineti, kama kuni zinazoendelea kupangwa jikoni ingawa moto umezimika.

Mishipa ya fahamu huanza kulegea katika dakika 30 hivi. Msuli huvumilia zaidi: ukipata damu kabla ya saa 4 kutimia, kwa kawaida unapona, zikifika saa 6, sehemu kubwa imekwenda. Ngozi ni sugu kuliko zote, ndiyo maana mguu unaweza kuonekana mzima kwa nje na ndani umeharibika.

Wanawake wa pwani wanaosokota kamba za usumba hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, miezi kadhaa, maji yakija na kuondoka juu yake. Chini kule hakuna hewa. Siku ya kufukua, harufu inayotoka na yale maji meusi yanayochuruzika kila mtu anavijua. Mguu wa kijana wetu alfajiri ile ni makumbi yaliyofukiwa. Yote uliyoyatengeneza gizani, asidi, potasiamu, mabaki ya msuli uliopasuka, yamekaa pale pale, kwa sababu hakuna mkondo wa kuyachukua.

Asubuhi anafika mjomba. Anautazama mguu, anaona vidole vimekuwa rangi ya zambarau. "Lifungueni gango hili." Kisu kinapita kwenye kanga, vipande vya upongoo vinaanguka. Baada ya muda vidole vinaanza kupata wekundu. Mguu unapata joto. Kila aliyepo anasema Alhamdulillahi, na mimi ningesema pia. Mjomba amefanya sawa, gango lile lilikuwa lazima likatwe.

Lakini katika dakika za kwanza tu, ndani ya msuli kunatokea jambo. Oksijeni inapokuta kuni zile za suksineti zilizorundikana, jiko linawaka lote kwa mara moja, moto wa fujo usiopika chakula. Cheche zake ni zile kemikali kali za oksijeni ziitwazo radikali huru, na zinatoboa kuta za seli, zinaharibu protini na chembe za urithi. Asidi iliyokuwa ikiyafunga matundu ya mitokondria inasafishwa haraka, na hapo matundu hayo yanafunguka na kuizima mitokondria kabisa. Seli nyeupe za damu, askari wa mwili, zinafika zikidhani kuna adui, zinang'ang'ania kwenye kuta za mishipa myembamba na kumwaga sumu zao. Mishipa hiyo inavuja. Mingine inavimba ndani mpaka inaziba, kwa hiyo njia kuu imefunguliwa na bado vichochoro havipiti damu.

Maji yaliyovuja yanaingia wapi? Ndani ya vyumba vile vile vinne. Mguu unavimba mara ya pili, zaidi ya kwanza, na shinikizo linapanda upya. Safari hii hakuna kanga ya kukata. Gango sasa ni utando wake mwenyewe.

Na tope, kama lile la Gando, halibaki lilipo. Damu iliyoingia mguuni inatoka ikiwa imebeba asidi na potasiamu kwenda moyoni, na mayoglobini, rangi nyekundu ya msuli, kwenda kwenye figo. Katika muundi mmoja mzigo huo mara nyingi moyo unaumudu. Katika miguu miwili au mapaja, sivyo.

Hayo yalifahamika vizuri kwenye vita. Mwaka 1941, London ikiwa imeshambuliwa kwa mabomu usiku baada ya usiku, Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika kuhusu wagonjwa 4 waliotolewa chini ya kifusi wakiwa hai. Walikuwa wamebanwa viungo kwa saa kadhaa. Walipotolewa walionekana na hali nzuri. Kisha presha ikashuka, viungo vikavimba, mkojo ukawa mweusi na baadaye ukakatika. Wote 4 walikufa kwa figo. Kilichowaua hakikuwa ukuta uliowaangukia peke yake. Kilikuwa pia ni ile saa ulipoondolewa.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu wakanaswa chini. Wakati wa uokoaji ule viongozi walieleza kwamba walionaswa walikuwa wakipelekewa oksijeni, maji na glukosi huko huko chini. Wengi waliosikia habari ile waliona ni namna ya kuwapa moyo. Ilikuwa na maana zaidi ya hiyo. Fundisho la siku hizi ni kwamba matibabu ya mtu aliyebanwa huanza kabla hajaachiwa: apewe maji ya chumvi kwenye mshipa mara tu mkono wake ukifikiwa, mtu mzima kiasi cha lita moja kwa saa mwanzoni, ili damu itakaporudi kwenye mguu ikute figo zina maji ya kuusafisha uchafu. Waokoaji wenye haraka ya kuvuta nguzo, na nani asingekuwa na haraka, wanahitaji kuambiwa hili mapema, siku ambayo hakuna jengo lililoanguka.

Katika chumba cha upasuaji nako kuna kufunga. Daktari anayetaka kupasua goti bila damu kumwagika hufunga mkanda wa hewa pajani, na kuna saa inayohesabu: kwa kawaida asipitishe saa 2. Akitaka kuufungua anamwambia kwanza mtu wa usingizi, naye anatazama presha na moyo, kwa sababu anajua kinachokuja. Watu wawili, saa moja ya ukutani, na neno linalosemwa kwa sauti: "Nafungua." Kila ninapofikiria vile vitambaa vya kanga, nakumbuka neno hilo. Hata kwa aliyeumwa na nyoka, ambaye pwani nzima bado hufungwa kamba juu ya jeraha, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni asifungwe; na kama amekwisha kufungwa kwa kamba ya kubana, isikatwe kwa pupa njiani bali mbele ya wanaoweza kumhudumia sumu itakaposambaa kwa mkupuo.

Basi kijana wetu afanyiwe nini? Kama ni bandeji au plasta, ikatwe yote mpaka ngozi ionekane, na pamba ya ndani pia. Kulegeza raundi mbili hakutoshi. Mguu ulazwe usawa wa moyo. Tumezoea kuuinua mguu uliovimba juu ya mito, na kwa mvimbo mwingine ni sawa, lakini mguu huu ukiuinua unaipunguzia nguvu ile damu kidogo inayojaribu kuingia. Aende hospitali hata kama vidole vimekuwa vyekundu na yeye anacheka. Huko wataangalia mkojo: ukiwa rangi ya kahawa, msuli umepasuka na figo ziko kwenye mtihani. Watapima moyo, maana potasiamu ikipanda mawimbi kwenye karatasi huchongoka kama paa la kibanda. Kuna kalsiamu ya kuulinda moyo kwa muda mfupi, insulini pamoja na glukosi ya kuirudisha potasiamu ndani ya seli, na dawa ile ile ya pumu, salbutamol, inayosaidia kazi hiyo. Figo zikishindwa kuna mashine.

Na hapa niseme jambo ambalo sijaliona likisemwa kwenye mabango ya afya. Pemba mgonjwa akiletwa nyumbani hukatiwa dafu. Ni heshima na ni dawa, na kwa mwenye kuharisha ni neema. Lakini maji ya dafu yamejaa potasiamu. Kwa mtu ambaye msuli wake umepasuka, na hajulikani kama figo zinafanya kazi, dafu ni kumwongezea moyo wake kitu kile kile kinachotaka kuusimamisha. Ndizi nazo zingoje.

Vyumba vinne vikiwa vimejaa hakuna dawa ya kumeza. Mpasuaji huchana ngozi, mikato miwili mirefu, mmoja kila upande wa muundi, kisha huuchana utando wa kila chumba. Msuli unachomoza kama unga uliozidi chungu. Kwa anayetazama ni kitu cha kutisha, na ndugu wengi hukataa kutia saini: mtu kavunjika mfupa, mbona anachanwa nyama? Ni kwa sababu lazima mtu alifungue na lile gango la ndani. Ukichelewa sana ni bora usichane, kwani msuli uliokwisha kufa ukifunuliwa unaingiwa na vijidudu. Na mguu uliokufa wote haurudishiwi damu kamwe, unakatwa juu ya pale ulipofia ili aliyebaki aishi. Mpasuaji anayelazimika kuchagua baina ya hayo, bila kujua damu ilikatika saa ngapi, ana kazi ngumu kuliko nyingi ninazozijua. Ndiyo maana "ulifungwa saa ngapi?" ni swali linalostahili jibu la kweli, bila aibu ya kwamba mlianzia kwa mzee.

Msomaji atauliza kama haipatikani dawa moja ya kuzuia ule moto wa mwanzo. Watu wameitafuta kwa zaidi ya nusu karne, hasa kwa ajili ya moyo, kwa kuwa mtu mwenye mshtuko wa moyo ni mguu ule ule uliofungwa: ateri imeziba, nyama inakufa, na tiba ni kuifungua. Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake walionyesha kwa mbwa kwamba msuli wa moyo uliorudishiwa damu unaharibika kwa namna yake. Mwaka 1986 kundi hilo hilo likaja na maajabu: waliziba ateri ya moyo wa mbwa dakika 5, wakaifungua, wakarudia mara 4, ndipo wakaiziba dakika 40. Eneo lililokufa lilikuwa robo tu ya lile la mbwa wasiozoeshwa. Kana kwamba nyama ikionjeshwa njaa kidogo kidogo inajifunza.

Baadaye ikaonekana hata mkono unaweza kuufundisha moyo. Unafungwa ule mkanda wa kupimia presha, unajazwa dakika 5, unaachiwa dakika 5, mara nne. Kufunga na kufungua kukawa dawa. Nani asingependa iwe kweli? Haihitaji umeme wala fedha, ingefaa kila kituo cha afya kisiwani. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 5,400 katika Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia, walioletwa na mshtuko wa moyo na kufunguliwa ateri. Mkanda haukupunguza vifo wala moyo kushindwa. Miaka 4 kabla, siklosporini, dawa iliyotarajiwa kuyaziba yale matundu ya mitokondria, nayo ilikuwa imeshindwa katika jaribio la watu 970. Kinachosaidia mpaka leo ni kufungua mapema, kwa dawa ya kuyeyusha donge au kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, kama inavyofanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa mtu wa Gando, kufika huko ni kuvuka bahari.

Na kuna wanaofungwa na kufunguliwa maisha yao yote bila gango wala kifusi. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 kila mwaka wenye selimundu. Seli zao nyekundu hupinda, hukwama kwenye vichochoro, damu inasimama, kisha inapita tena. Kila kukwama na kila kupita kunaacha jeraha dogo kwenye mfupa, wengu, figo, ubongo. Kwa hao dawa ipo. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa 2019, ulionyesha kwamba watoto wa Afrika wanaotumia haidroksiyurea hupata maumivu machache, malaria kidogo na vifo vichache. Mama anayeambiwa "mtoto analia tu, ni mifupa inakua" ana haki ya kujua kwamba kilio kile ni cha mguu uliofungwa.

Ethiopia wamefanya jambo ambalo natamani lifanywe Pemba msimu wowote wa karafuu. Mpasuaji Mekonnen Eshete aliona viungo vingi anavyolazimika kukata vimeozeshwa na magango. Badala ya kuwashutumu waungaji mifupa, aliwaita. Siku moja tu ya mafunzo: namna ya kufunga bila kukaza, dalili gani zitazamwe, lini mtu apelekwe hospitali. Alichapisha matokeo 2005, na idadi ya viungo vilivyokatwa kwa sababu hiyo ilikuwa imeshuka sana. Siku moja. Yule mzee wetu mwenye vidole vinavyoona angehitaji mambo machache: gango la siku ya kwanza liwe la kutuliza tu, upande mmoja wazi; vidole vionekane; kidole gumba kikivutwa na mtu akapiga kelele, fungua, usingoje asubuhi; na ukifungua, mpeleke.

Kijana amefikishwa Wete. Mikato miwili imekwisha kufanywa, na jeraha halikushonwa; limefunikwa vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, mguu umelala usawa wa moyo, kwenye mfuko wa mkojo rangi ya kahawa imeanza kufifia. Baada ya saa 48 anarudishwa mezani. Mpasuaji anafunua, anaosha, anashika koleo ndogo. Msuli uliokufa una rangi ya ini lililokaa, haumwagi damu ukikatwa, unachanika laini, na ukiubana haujibu. Kipande cha mbele, karibu na kifundo, ni cha namna hiyo, na anakiondoa. Anapanda juu. Anabana. Kimya. Anasogea upana wa kidole kimoja, anabana tena, na msuli unajikunja.